Hakupiga Hodi

Kitabu nilipewa na binti wa kwaya ya vijana, katika parokia nilikotumwa kwa mwaka wa kichungaji. Kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani, kama tunavyofunika madaftari. "Frateri," akaniambia, "mama anasema hiki ni cha mashetani. Mimi naona ni cha mapendo tu. Soma, halafu uniambie."

Kilikuwa Twilight cha Mmarekani Stephenie Meyer, kilichotoka mwaka 2005. Bella Swan, msichana wa miaka 17, anahamia kwa baba yake huko Forks, mji mdogo wenye mvua nyingi katika jimbo la Washington. Shuleni anakutana na Edward Cullen na kumpenda. Edward ni mnyonya damu. Anaonekana kijana wa miaka 17, lakini amebaki na umri huo tangu 1918, alipokuwa anakufa kwa ile homa kubwa ya mafua.

Nikiri kwamba nilikifungua kwa hamu. Kwenye jalada, mikono miwili imeshika tofaa jekundu, na kabla hadithi haijaanza mwandishi ameweka aya ya Mwanzo 2:17, lile katazo la mti wa ujuzi wa mema na mabaya. Nikasema moyoni, huyu anajua anakokwenda. Halafu nikakuta kwamba akina Cullen wamejikataza damu ya watu, wanaishi kwa damu ya wanyama. Mkubwa wao, Carlisle, ni mtoto wa mchungaji wa Kianglikana wa London ya zamani. Msalaba wa mbao wa baba yake ameutundika ukutani, naye anafanya kazi ya udaktari hospitalini, katikati ya majeraha na damu ileile aliyojikataza. Mtu mwenye njaa isiyoisha, anayeamua kila siku kutomdhuru yeyote! Mwaka ule swali la namna hiyo halikuwa la darasani kwangu. Nilikuwa najiuliza usiku kama nitaweza maisha niliyoyaomba, na nilitaka sana mtu anisimulie, hata kwa hadithi ya kubuni, jinsi mtu anavyokaa na njaa miaka mingi bila kuwa mkavu wala mnafiki.

Sikusimuliwa. Carlisle anapewa kurasa chache, kisha tunarudi kwenye uso wa Edward. Uso huo unasifiwa mno, mpaka nikaanza kuruka aya. Na kujizuia kwa Edward, ambako ndiko kulikonivuta, kunageuka kuwa namna nyingine ya kumsifu Bella: harufu ya damu yake ni tamu kuliko za wengine wote, kwa hiyo asipomuua, hayo ndiyo mapendo. Mimi naona hicho ni kipimo cha chini mno.

Lakini kilichonifanya nikifunge kitabu kwa muda ni jambo dogo. Edward amekuwa akiingia chumbani kwa Bella usiku, usiku mwingi, kumtazama akiwa amelala. Bella hajui. Baba yake, ambaye ni mkuu wa polisi wa mji ule, yumo humo humo nyumbani. Bella anapogundua, badala ya kukasirika anaona ni sifa. Aibu yake kubwa ni kwamba huenda alisema maneno usingizini. Kitabu kinapita hapo kama njia ya kawaida.

Mimi nimekulia mahali ambapo hata mtoto anayetumwa chumvi kwa jirani hupiga hodi mara tatu, na akikosa jibu anarudi. Nikakumbuka pia Wimbo Ulio Bora, sura ya tano. Yule mpendwa anafika usiku, anabisha, anasubiri nje kichwa kimelowa umande. Mwenye nyumba anachelewa kufungua, naye anaondoka. Inauma kusoma, lakini mlango unabaki wa mwenye mlango. La ajabu ni kwamba Meyer mwenyewe alikuwa ameutengeneza mlango huo: Edward anasoma mawazo ya watu wote isipokuwa ya Bella. Yeye peke yake ndiye anayepaswa kuulizwa. Hilo lingetosha kuwa kitabu kizima.

Jumapili nikamrudishia, kwenye benchi la nje ya sakristia, watu wakipita. Nilikuwa nimejiandaa kama kwa mtihani: roho, kutokufa, damu. Alinisikiliza kwa adabu, macho yake yakiwa kwenye viatu. Nilipochoka kujisikiliza, nikamwambia lile la hodi.

Akanyamaza kidogo. "Frateri, na mtu akichukua simu yako umelala, akasoma meseji zako zote, hiyo nayo ni kutopiga hodi?"

"Ndiyo."

"Hata kama anasema ni kwa sababu anakupenda sana?"

Nikamuuliza ni nani. Nadhani niliuliza haraka mno, kwa sauti ya mlezi. "Nauliza tu," akasema, akaanza kuinyoosha ile karatasi ya kalenda iliyokunjika pembeni. Dakika ishirini nilikuwa nimemhubiria juu ya wanyonya damu wa Marekani, na yeye alikuwa amekuja na jambo lake.

Nikamwomba radhi kwa maneno mengi. Nikamuuliza kama angependa kuzungumza na mama mlezi wa vijana, akasema atafikiri. Sikumsukuma. Alipoinuka aliniambia vitabu vya hadithi hiyo ni vinne, na cha pili anacho nyumbani.

Sikuwa na hamu nacho hata kidogo. Nikamwambia akilete Jumapili ijayo.