Nguchiro wa Mama

Huko Ulaya watu hufuga fereti, mnyama mrefu mwembamba wa jamii ya kicheche, ambaye tangu zamani alifugwa ili awafukuze sungura mashimoni. Kwetu Kagongwa fereti hayuko. Yupo nguchiro, naye hafugwi. Hata hivyo mama yangu alimlea mmoja.

Kagongwa ni mji wa mpunga. Mashine za kukoboa hunguruma kutwa, pumba hurundikana, na penye pumba panya hawakosi. Mwaka 2017, baba akiwa ameshafariki, kijana wa jirani alimletea mama kitoto cha nguchiro alichokiokota shambani baada ya mbwa kulitawanya kundi lake. Wakati huo mama alikuwa amepunguza kula. Chakula cha mtu mmoja, alisema, hakina ladha hata ukikitia samli.

Alimwita Mkaguzi, kwa kuwa hakuna tundu, chungu wala kiatu ambacho hakukichungulia. Alimpa dagaa, panzi na mende. Akipewa yai, alilishika kwa miguu ya mbele, akaligeuzia jiwe la kusagia mgongo, akalirusha nyuma katikati ya miguu yake hadi lipasuke. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akaanza kuamka alfajiri kutafuta panzi, na akirudi alipika, kwa maana alikuwapo wa kula naye.

Lakini, ndugu msomaji, kumtunza mnyama ni pamoja na kujua kile usichoweza kumpa. Nguchiro wa aina ile, wenye milia mgongoni, huishi kwa makundi, mara nyingi katika vichuguu. Hulala pamoja, na wakubwa huwalinda hata watoto wasio wao. Mkaguzi akiachwa peke yake alilia kama kifaranga. Tena meno yake ni makali, na nguchiro aweza kupata kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaonekana ni nadra mtu kupona. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kujiwekea mnyama wa porini bila kibali.

Nikamwita afisa wanyamapori. Mama alimwuliza jambo moja tu: kwa nini wasimwachie kwenye kichuguu chochote chenye nguchiro?

"Mama, kundi lisilo lake litamfukuza, pengine litamuua," alijibu kwa heshima. "Tutamtafutia mahali pa kutunzwa na wenzake. Peke yake hawezi."

Mama alimtia katika tenga, pamoja na dagaa za njiani. Gari lilipoondoka alinigeukia.

"Huyu mmemtafutia wenzake," alisema. "Na mimi je, mwanangu?"

Swali lile halikutaka maneno. Wiki ile ile binti yangu wa pili alihamia kwa bibi yake, akaendelea na shule hapo hapo Kagongwa. Jioni sahani zikawa mbili. Madoa ya mayai yalibaki kwenye jiwe la kusagia, maana mama alikataza yasisuguliwe.