Magofu Yetu ni ya Nyasi

Kwenye grupu kuna mtu aliuliza: "Hivi Rwanda hakuna magofu? Wa Kenya wanaposti Gedi, wa Tanzania wanaposti Kilwa Kisiwani, sisi tutaposti nini?" Swali zuri. Sisi wawili tulikuwa na Jumamosi moja tupu hapa Kigali, tukaamua kwenda kulitafutia jibu.

Kwanza mjue sisi ni nani. Wote wawili tulizaliwa kambi ya Gihembe. Mmoja ni volontea Mahama, alikuja mjini kwa mafunzo. Mwingine anaishi Kigali, na alikuwa anasubiri ndege ya Marekani. Mnajua hadithi hiyo. Mwezi wa kwanza 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, safari zikafutwa. Yeye alikuwa ameshauza godoro na jiko, ameshaaga kanisani. Tangu hapo vitu vyake viko ndani ya begi moja, na begi halijafunguliwa. Hataki jina lake liandikwe, basi humu tutamwita Ndugu.

Asubuhi tulipanda basi Nyabugogo, tukavuka Nyabarongo, tukapita Kamonyi, Muhanga na Ruhango, tukafika Nyanza baada ya kama masaa mawili. Moto zikatupandisha mpaka Rukari, kwenye makumbusho ya jumba la mfalme. Ndugu alisimama nje, akaangalia huku na huku, akauliza: "Sasa magofu iko wapi?"

Mbele yetu kulikuwa na nyumba kubwa ya mviringo kama mzinga wa nyuki, imeezekwa nyasi kutoka juu mpaka karibu na ardhi. Inapendeza sana. Lakini si ya zamani, imejengwa upya kwa kufuata zile za karne ya 19. Ndani ni mikeka, nguzo, giza zuri la baridi, na kitanda cha mfalme. Nyuma yake kuna vibanda viwili vidogo. Kimoja ni cha maziwa, mlinzi wake alikuwa msichana ambaye hajaolewa. Kingine ni cha pombe, mlinzi wake alikuwa kijana wa kiume. Halafu kuna inyambo, ng'ombe wa kifalme wenye pembe ndefu kupita mikono yetu. Wachungaji wanawaimbia, na ng'ombe wanatulia kabisa, wanasikiliza. Ndugu alisema sisi hatujawahi kuimbiwa namna hiyo. Tukacheka.

Sasa jibu la swali. Gedi na Kilwa zimebaki kwa sababu watu wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Watu wakaondoka, kuta zikabaki. Huku wafalme walijenga kwa miti, matete na nyasi. Tena zamani mfalme hakukaa mahali pamoja, alikuwa na makao mengi na alihamahama. Nyanza yenyewe ilikuja kuwa makao ya kudumu mwaka 1899, wakati wa Yuhi V Musinga. Nyumba ya nyasi usipoiezeka upya inaoza, mvua chache tu inarudi kuwa udongo. Kwa hiyo usitafute ukuta.

Lakini kitu kinabaki, na hapo ndipo sisi tulishangaa. Ua wa makao ya mfalme ulizungushiwa miti mibichi, mingine ya jamii ya mtini, inaitwa umuvumu. Mti wa namna hiyo ukiuchomeka unatoa mizizi. Basi nyumba inaoza, watu wanahama, lakini ua unaendelea kukua. Miaka ikipita unakuta miti mikubwa imesimama kilimani, na wazee wanajua kwamba hapo palikuwa kwa mfalme. Kwa Kinyarwanda mahali hapo panaitwa ikigabiro. Pana heshima, watu hawakati kuni pale ovyo. Burundi pia neno ni hilohilo, wenzetu wa Mahama watatuambia zaidi kwenye maoni. Kwa hiyo magofu yapo, ila ni miti, na iko hai.

Baada ya nyumba ya nyasi tuliingia nyumba ya pili, ya kizungu, ya Mutara III Rudahigwa, iliyojengwa miaka ya 1930. Ina vyumba, viti, madirisha makubwa. Hapo hadithi ikageuka ikawa yetu. Musinga, baba yake Rudahigwa, aliondolewa na Wabelgiji mwezi wa 11 mwaka 1931. Wakamhamishia Kamembe, halafu mwaka 1940 wakampeleka Moba, kule Congo, pembeni mwa ziwa Tanganyika. Alifia hukohuko mwaka 1944. Ndugu alirudia mara mbili: "Mfalme wa Rwanda alikuwa mkimbizi Congo." Sisi ambao wazazi wetu walitoka Masisi na Rutshuru wakaja kuwa wakimbizi Rwanda, tulinyamaza kidogo.

Haiishii hapo. Musinga akiwa Kamembe alizaa mtoto, mwaka 1936, Jean-Baptiste Ndahindurwa. Fikiri, amezaliwa uhamishoni. Rudahigwa alipokufa ghafla Bujumbura mwaka 1959, huyu ndugu yake akawa mfalme Kigeli V. Mwaka uliofuata alitoka kwenda Congo kuonana na katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Wabelgiji wakamzuia kurudi. Mwaka 1961 ufalme ukafutwa. Akazunguka Tanganyika, Uganda, Kenya, na mwaka 1992 akapata hifadhi Marekani. Alikaa Virginia kwenye nyumba ya msaada ya watu wenye kipato kidogo, anapokea msaada wa chakula. Ndiyo, mfalme alikula posho kama sisi! Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 80, na mwezi wa kwanza 2017 alizikwa hapahapa Nyanza, kilima cha Mwima, karibu na kaburi la Rudahigwa.

Tulipanda mpaka Mwima. Pametulia, upepo tu. Ndugu alikaa chini, akakaa sana. Mwisho akasema: "Huyu alifika Marekani. Alikaa huko zaidi ya miaka 20 akiwaza hiki kilima. Mimi sina hata kilima cha kuwaza. Mtu akiniuliza nimetoka wapi, nimwonyeshe nini?"

Hilo ndilo swali lililotufanya tuandike. Gihembe ilianza mwishoni mwa 1997, baada ya watu wetu kuuawa kambini Mudende. Ilikaa zaidi ya miaka 20, kwenye mlima wa Gicumbi, baridi mpaka kwenye mifupa. Wengi wetu tulizaliwa hapo, tukasoma hapo, tukazika wazee wetu huko. Halafu makorongo yakala udongo, nyumba zikawa zinaning'inia, na mwaka 2021 kambi ikafungwa. Wengi wakapelekwa Mahama, kwenye joto la Kirehe, wengine wakaja mijini. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na shitingi. Hazikuacha ukuta. Hakuna basi la kwenda kutalii huko, na hakuna mtu wa kusema hapa palikuwa bomba la maji, hapa ndipo wasichana walipangia jerikani, hapa mama fulani aliuza sambusa.

Tulimwambia Ndugu: wafalme pia hawakuacha ukuta. Waliacha miti, na watu wa kukumbuka ile miti. Alijibu kwamba wafalme walikuwa na watu wa kazi hiyo, kazi yao ilikuwa kukariri. Ni kweli, wenye kukariri siri za ufalme waliitwa abiru, na walitunza kichwani kila neno bila karatasi. Sisi hatuna abiru. Lakini tuna simu, tuna madaftari, na wazee wetu bado wapo, ila hawatakuwepo siku zote.

Tulikunywa ikivuguto cha Nyanza, maziwa ya mgando mazito kama uji, halafu ndani ya basi la kurudi tulianza kuchora. Kipande cha karatasi kikubwa kama mkono. Barabara ya juu. Shule. Kanisa. Korongo kubwa. Kila mmoja alikumbuka kitu ambacho mwingine alisahau, tena tulibishana sana kuhusu bomba la pili, lilikuwa kushoto au kulia kwa shule. Mpaka Nyabugogo hatujamaliza. Sasa mchoro una kurasa 6 na bado bomba lina ubishi.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili.

Vijana wa Gihembe, popote mlipo, Mahama, Kigali, Marekani, Canada: muulizeni mama, baba, bibi, mtaa wenu ulikuwa wapi, jirani alikuwa nani, mti gani ulikuwa mlangoni. Rekodini sauti, au andikeni, mtutumie. Hata mistari mitatu inatosha. Wa Kiziba, Kigeme, Nyabiheke, Mugombwa na Mahama, msingoje kambi ifungwe ndipo mwanze.

Na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunajua mnapohamisha watu mnahesabu familia, mikeka na sufuria. Vizuri sana. Ongezeni kitu kimoja kwenye orodha: kabla ya shitingi ya mwisho kushushwa, wapeni watoto siku moja wachore pale walipozaliwa, na mwache pawe na mti wenye kibao.

Ndugu bado hajui kama ndege itarudi. Hatutawadanganya. Lakini juzi alihitaji penseli ya kuchorea, na ilikuwa chini kabisa ya begi. Ikabidi atoe kila kitu. Mashati yake sasa yametundikwa ukutani.