Siku Nilipokataa Kuitwa Baba

Nilipofanywa msimamizi wa zamu katika ghala moja hapa Queensburgh, Durban, nilibadilika. Miaka mingi nilikuwa mgeni wa kuamriwa na kila mtu. Siku nilipokabidhiwa funguo nilijiambia: sasa mimi ni bosi, na bosi haulizwi.

Wenzangu Wazulu walizoea kuniita "baba", neno lile lile la heshima tulilo nalo sisi. Nikawakataza. Niliamua kila kitu peke yangu: nani apakie lori lipi, nani apumzike saa ngapi. Aliyekosea nilimkaripia mbele za watu.

Nilidhani kazi itakwenda mbio. Kumbe mizigo ilianza kupelekwa kwa wateja wasio wenyewe, na watu wakazidi kuomba ruhusa ya ugonjwa. Siku moja nilikuta chupa za mafuta ya kupikia zimevunjika, zimefichwa nyuma ya rundo la mbao. Mafuta yalikuwa yametapakaa sakafuni. Mtu angeweza kuteleza na kuvunjika mgongo. Kijana aliyezificha alisema tu, "Niliogopa kukuambia."

Jioni nilimsimulia mke wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Amina, hata mwanao siku hizi akivunja kikombe anakificha."

Usiku ule sikupata usingizi.

Baadaye nilisoma juu ya utafiti wa Michael Marmot na wenzake kuhusu watumishi wa serikali mjini London. Ule wa pili, ulioanza mwaka 1985, uliwafuatilia watu zaidi ya 10,000. Wasio na kauli juu ya kazi yao walionekana kupata maradhi ya moyo zaidi kuliko wenye nafasi ya kuamua. Wengi wetu hudhani msongo wa mawazo ni wa wakubwa. Tunamsahau anayengoja kuamriwa na kukaripiwa.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Nilidhani maana yake ni kuvumilia matusi tu. Sasa naona pia kwamba habari mbaya lazima ipate njia ya kukufikia. Jalala likifungwa, taka hazipotei. Hufichwa nyuma ya mbao.

Nilimwomba kijana yule radhi mbele ya wenzake. Nikawaachia wapakiaji wapange wenyewe zamu za malori na mapumziko, kwa kuwa wao ndio wanaoijua kazi. Makosa yalipungua, ingawa si kwa siku moja. Mwezi wa Desemba, mizigo inapofurika, bado sauti hunipanda. Lakini kitu kikivunjika, naambiwa.

Wiki iliyopita Amina alinijia na vipande vya sahani mkononi. Nilimshukuru kwanza, kisha tukafagia pamoja. Na kule ghalani, wameanza tena kuniita baba.