Maji Ndani ya Kompyuta

Msomaji wangu, usicheke: nilitia maji katika kompyuta kwa makusudi. Prosesa, ndiyo ubongo wa mashine, hupata moto mwingi ifanyapo kazi. Na ili kupanda nyuzi moja, gramu ya maji huchukua joto mara nne ya gramu ya hewa. Nikaunga mipira, pampu na rejeta, nikazungushia taa za rangi. Hizo, nakiri, hazipozi kitu. Desturi ni kuendesha pampu peke yake usiku kucha juu ya karatasi kavu, uvujaji uonekane kabla umeme haujafika kwingine. Mimi, mwalimu ahimizaye subira, sikungoja. Tone likapenya kiungoni, na akiba ya miezi minane ikateketea. Taa, zilizokuwa na waya wake mbali, ziliendelea kung'aa juu ya maiti ya mashine.