Arthur na Liyongo

Mpenda senema wa Mombasa aitazamapo Excalibur, picha ya John Boorman ya mwaka 1981, haoni ugeni mwingi. Deraya zing'aazo na misitu ya Ireland si vitu vya pwani, ni kweli. Na huyo mganga Merlin huchekesha hata pasipotakiwa kicheko. Lakini mfalme auawaye na mwana wake huku anajulikana sana. Ndiye Fumo Liyongo, aliyetungiwa utendi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913.

Tena usaliti wa huku ni mchungu zaidi. Mordred amchoma baba yake mkuki waziwazi, vitani. Mwana wa Liyongo alikuja kwa mapenzi, akaiuliza siri ya kifo cha babaye, akaambiwa ni sindano ya shaba kitovuni, akamchoma usingizini.

Arthur akikata roho amwagiza Perceval autupe upanga majini. Perceval ashindwa, arudi, aagizwa tena. Ndipo mkono watoka ziwani na kuupokea. Hapo picha ni nzuri ajabu. Liyongo naye aliishia penye maji: alipiga goti kisimani, akavuta uta, akafa vivyo hivyo, na mji mzima ukashikwa na kiu kwa kumwogopa maiti.

Katika bustani ya Mama Ngina, palipofanywa Sikukuu ya Mashujaa mwaka 2019, watoto hula mihogo jioni wakitazama meli ziingiazo Kilindini. Pangefaa sana kutandazwa kitambaa cheupe, Liyongo aonekane kwa kimo chake chote.