Mahari Iliyoliwa na Miaka

Mhasibu akishastaafu hubakiwa na mambo mawili: wakati mwingi na ukaidi wa kupiga hesabu. Wiki hii hesabu iliyonishughulisha ni ya mahari, hasa ile sehemu inayobakishwa kuwa deni, ambayo hutajwa upesi siku ya nikaha na kusahauliwa kabla halua haijamalizika sahanini.

Bibi mmoja wa mtaani kwetu aliolewa mwaka 1970 kwa mahari ya shilingi elfu moja, zote zikawa deni. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki majuzi. Watoto wao ni wacha Mungu. Wakaanza na madeni ya marehemu kabla ya kugawa mirathi, na la mama yao likiwa miongoni mwa hayo. Wakamkabidhi noti moja ya elfu. Akaipokea, akaikunja, akaagiza samaki. Alipata kitoweo cha siku mbili.

Hapana aliyemdhulumu, na hilo ndilo linaloniuma. Mwaka ule wa 1970 dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kidogo, na wakia ya dhahabu, yaani gramu 31, ilikuwa kiasi cha dola 36. Elfu yake ingemnunulia dhahabu ya gramu 120 hivi, zaidi ya nisabu ya zaka, ambayo ni gramu 85. Basi siku ile bibi huyu alikuwa tajiri kwa maandishi. Mwezi wa Oktoba 2025 wakia hiyo hiyo ilivuka dola 4,000, na dola ikawa shilingi 129. Zile gramu 120 wakati huo zingekaribia shilingi milioni mbili. Noti ya elfu haipati hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Sonara hana mizani ya kuipimia.

Mambo mawili yalikutana. Mwaka 1971 Rais Nixon wa Marekani aliikata kamba iliyoifunga dola na dhahabu, na tangu hapo dhahabu imepanda duniani kote. Shilingi yetu nayo imekuwa ikiteremka. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika 160, kisha ikarudi nyuma. Pensheni yangu inayajua vizuri mateso hayo.

Wako watakaouliza: kwani watoto wasingemwongeza? Kwa hiari yao, wangeweza. Lakini mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lenye makao yake Jeddah, lilikata kwamba deni la fedha hulipwa kwa idadi yake, si kwa thamani yake. Kwa hiyo dawa haipatikani siku ya kulipa. Huwekwa siku ya kuandika.

Ndiyo sababu nawaambia akina mama wenye mabinti wanaoposwa: sehemu itakayobakishwa itajwe kwa dhahabu, uzito wake na karati zake, na muda wa kulipwa. Masheikh waulizwe namna ya kuiandika, kwani mahari yataka kujulikana wazi. Kijana akiogopa kwamba deni la namna hii litamlemea, hofu yake ina haki, nami sitaki mwanamume afungwe minyororo. Basi na apunguze kiasi, akilipe papo hapo. Gramu tano mkononi ni bora kuliko laki moja ya daftarini.

Ninachoshindwa kukielewa ni kwamba familia hazioni uzito kulipia ukumbi, mapambo, mpiga picha na nguo za sare za usiku mmoja, kisha tunapofika kwenye mahari, sote tunakuwa wachumi. Katika gharama zote zile, mahari ndiyo mali ya bibi harusi peke yake. Aya ya nne ya Surat An-Nisaa imeamrisha apewe yeye, si baba wala shangazi, wala haikumtaka aisubiri hadi awe mjane.

Mjukuu wangu ataolewa Mfungo Mosi, inshallah. Nimemwomba baba yake aandike gramu 20 za karati 21, nusu siku ya nikaha na nusu ndani ya miaka mitatu. Upande wa bwana harusi wameomba wiki mbili za kushauriana.