Msumari, Kichwa cha Chuma na Saruji
Kabla ya miaka ya 1930, mzee aliyeanguka na kuvunjika shingo ya fupa la paja, yaani sehemu nyembamba inayobeba kichwa cha mfupa huo kiungoni, alifungwa plasta kutoka kiwiliwilini hadi mguuni na kulazwa kwa wiki nyingi, na mara nyingi kilichomuua ni nimonia au vidonda vya kulala, wala si mfupa wenyewe. Mwaka 1931 Marius Smith-Petersen, mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi Boston, alichapisha habari za msumari wa chuma wenye kingo tatu, uliopigiliwa ndani ya shingo hiyo ili vipande visizunguke.

Msumari ulishika mfupa lakini haukurudisha damu. Mishipa inayolisha kichwa hupanda kandokando ya shingo, nayo hukatika vipande vinapoachana, hivyo kichwa huweza kufa hata kama kimefungwa kwa ustadi. Ndiyo sababu Austin Moore na Frederick Thompson, wote wa Marekani, walieneza katika miaka ya 1950 kichwa bandia cha chuma, chenye shina linaloingizwa katika uwazi wa uboho. Mivunjiko iliyo chini ya shingo, ambako damu haipungui, ilibaki kwa skrubu inayoteleza ndani ya bamba lake ili mfupa ujibane mgonjwa anapokanyaga. Msumari wa mivunjiko hiyo unaoingizwa katika uwazi wa uboho, ulioingia sokoni katika miaka ya 1980, ni ghali kuliko skrubu hiyo, na kwa mivunjiko iliyotulia ubora wake haujathibitika.

Ubishi mkali zaidi ulihusu saruji ya mifupa, akriliki inayogandisha shina, ambayo John Charnley wa Uingereza aliipa umaarufu. Madaktari wakongwe wanakumbuka hofu iliyoizunguka, na haikuwa hofu ya bure, kwani shinikizo la damu huweza kushuka ghafla saruji inaposindiliwa. Wengi wakachagua shina kavu, yaani lisilo na saruji. Jibu halikutoka kwa bingwa yeyote bali kwa wagonjwa waliogawanywa kwa kura: katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, uliohusisha watu 1,225 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, waliowekewa saruji walikuwa na hali bora ya maisha baada ya miezi minne, na mfupa kuvunjika kandokando ya shina kulitokea kwa asilimia 0.5 yao, dhidi ya asilimia 2.1 ya wenzao. Kwa wazee wengi wanaowekewa kichwa bandia, shina kavu sasa ndilo linalohitaji kutetewa.